Kalamu Niliyochaguliwa na Mama

Iko siku moja ya Desemba ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, na imenirudia tena juzi ulipokuja kwangu na poda uliyomwagiwa kusherehekea diploma ingali nyweleni, ukaniuliza ununue kalamu gani ya wino ya kuandikia kila siku. Umebisha penye mlango wenyewe. Katika ukoo wetu, kutoka Alimbongo hadi Beni, hakuna aliyeandika kuliko mimi. Wazazi wangu walilima viazi. Nilivuka mpaka na viatu vya kuazima, nikarudi na diploma ya pili na fedha ya kujenga nyumba ya matofali, na hakuna mjomba aliyenisukuma. Kwa hiyo nisikilize.

Wakati huo nilikuwa Kampala, mchana nafanya kazi ghalani, jioni nasoma uhasibu. Mshahara wa kwanza ulipotoka sikununua shati. Nilinunua kalamu ya wino yenye ncha ya dhahabu, nyembamba kama unywele, na chupa ya wino wa zambarau uliopauka kama ua la kiazi. Ungeuona mwandiko wangu ungesema ni wa askofu. Niliichomeka mfukoni kifuniko kikimeta, na wenzangu walikuwa wakinyamaza nikipita.

Kwa kalamu hiyo nilimwandikia mama. Alikuwa mjane, akiishi Vulamba, na kusoma alijifunza ukubwani, parokiani, kwa herufi kubwa za ubaoni. Barua zangu zilibebwa na Idi, dereva wa lori, mtoto wa familia ya Kiislamu ya Beni, mtu wa utani usiokwisha. Mambo ambayo sikuweza kuwaambia wenzangu nilimwambia mama: kwamba chumba changu kinavuja, kwamba Jumapili moja nilisikia wimbo wa Kinande, lugha yetu, kanisani nikalia mbele za watu, kwamba kuna msichana aliyenikataa.

Basi Desemba hiyo nikarudi likizo. Nilishuka kwenye lori la Idi nimevaa suti, nikitegemea vigelegele. Wanawake waliokuwa wakichambua maharagwe uani kwetu walinitazama, kisha wakatazamana. Jirani yetu, Mama Masika, akaniuliza kwa upole:

"Karibu, papa. Machozi ilikauka?"

Ua zima likaangua kicheko. Mwingine akataka kujua kama chumba kingali kinavuja, na kama yule msichana amebadili nia. Nilibaki nimesimama na sanduku mkononi. Ndipo nilipotambua kwamba kila barua yangu ilikuwa ikisomwa pale uani, kwa sauti, na Kasereka, kiongozi wa kwaya, mwenye kifua cha kuita ng'ombe walio ng'ambo ya bonde.

Nilimfuata mama jikoni nikifoka. Kwa nini ampe Kasereka barua zangu? Hakujitetea. Alifuta mikono, akafungua kipande cha kitenge alimozihifadhi zote, akanipa moja, akanitaka nimwonyeshe herufi a iko wapi. Mwanangu, katika mwanga ule wa jikoni hata mimi niliona vivuli tu. Nyingine zilikuwa zimelowa mvua njiani kutoka mpakani Kasindi, na wino umeogelea ukurasa mzima. Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.

"Mwandiko yako iko muzuri, mwana wangu," alisema. "Lakini mi nayisikiaka tu mu kinywa ya Kasereka. Unaandikiaka nani? Mimi, ao ile kalamu?"

Nikamwambia kesho atanichagulia kalamu yeye mwenyewe.

Kesho yake tulikwenda Beni kwa lori la Idi, mama amekaa mbele kama bibi harusi, mpaka kwenye duka la kaka yake Idi aliyeuza vifaa vya ofisi. Niliomba kalamu zote za wino zilizokuwapo, na karatasi ya daftari ya kawaida, ile inayokunywa wino, kwa kuwa ndiyo ningeitumia kila siku. Kwa kila kalamu niliandika sentensi ile ile: Mama, umeamkaje? Yeye alisimama mlangoni akinyoosha mkono kama anavyoshika kitabu cha nyimbo, akazikataa moja baada ya nyingine. Kulikuwa na bluu moja aliyoipenda. Nikaidondoshea tone la maji, ikaondoka. Mwishowe akashika karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene, fupi, isiyo na dhahabu popote, yenye wino mweusi mzito. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Midomo ikacheza.

"Niliamuka muzuri," akajibu.

Idi akacheka mpaka akashika ukuta. "Basi diplomé muzima anarudia Kampala na kalamu ya kutia alama ku magunia?"

Nilijua ghalani nako watacheka. Nikainunua. Ile ya dhahabu nikampa Kasereka aandikie nyimbo zake.

Idi ndiye aliyenisimulia jinsi barua ya kwanza ya kalamu ile ilivyopokelewa. Wanawake walikusanyika kama kawaida, Kasereka akasafisha koo. Mama akasema hii itabaki kwake. Akakaa kizingitini, kidole chini ya mistari, akasoma kurasa tatu mpaka maharagwe yakaungua. Mama Masika akashindwa kuvumilia, akauliza mwana anasema nini.

"Anatusalimia," mama akasema, akaikunja.

Kurasa tatu, mwanangu. Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Hata leo ukiniuliza niliandika nini, nitakujibu vilevile: nilisalimia.

Basi ukienda dukani, usijaribu kalamu kwa kutia saini. Saini ni ya siku kubwa, na kila mkono hupendeza katika saini. Andika neno unaloandika kila siku, kwenye karatasi unayoitumia kila siku, kisha mpe mwingine asome. Wino wa rangi za maua uweke kwa sikukuu. Wa kila siku uwe mweusi au bluu iliyokolea, usiokimbia maji, maana mvua ya Butembo unaijua. Ukibadili wino, osha kalamu mpaka maji yatoke safi. Una simu, najua, lakini barua ya kuomba kazi bado wanaitaka ya mkono, na anayeisoma naye ana macho yake. Kwa kalamu ile nene nilifanya mitihani yote ya diploma ya pili, nikawapita waliocheka. Ndiyo hii ninayokuandikia.

Mungu akupe mkono mwepesi na wino usiokauka. Akupe na mtu wa kumwandikia, na amwachie mtu huyo jua la kutosha kizingitini mwake.