Gundi na Misumari

Mke wa seremala alikuwa amechoka, na si kwa kumuuguza mumewe. Kumuuguza aliweza. Kilichomchosha ni ubishi.

Kwa miaka arobaini kila mwanafunzi aliyepita karakanani kwa mumewe alisikia wimbo uleule: fundi anayepaka gundi kisha akapigilia na misumari haiamini kazi yake. Chagua kimoja. Sasa wimbo huo alikuwa ameuhamishia hospitali. Saratani ya mapafu ilikuwa imeshafika kwenye mifupa. Daktari alisema wazi kwamba hawezi kuahidi kuimaliza, ila anaweza kujaribu kumwongezea muda kwa dripu mbili kwa pamoja: kemo ya kuua seli za ugonjwa, na dawa nyingine ya kuamsha kinga ya mwili izitambue zile zilizojificha.

Seremala akakuna kidevu. "Kama hiyo ya kwanza unaiamini, daktari, ya pili ya nini?"

Mkewe alitamani ardhi ipasuke immeze. Fomu ya kukubali matibabu ilirudi nyumbani bila sahihi, na ilitakiwa Jumatatu.

Jumapili mchana walikuwa bado wanavutana jikoni.

"Nitachukua ya kinga peke yake," alisema huku akikohoa. "Kemo wawape wengine."

"Daktari amesema pamoja."

"Daktari si fundi."

"Na wewe si daktari. Hivi huo mdomo mbona hauugui?"

Mke aliinuka kwa hasira, kigoda chake kikapinduka miguu juu. Aliinama kukiokota huku akinung'unika, mara macho yakanasa upande wa chini. Alikuwa amekikalia tangu mimba ya kwanza, wala hakuwahi kukitazama chini. Penye kila mguu gundi kavu ilikuwa imechuruzika, na katikati ya gundi vilionekana vichwa vya misumari, viwili viwili.

Alimwekea mumewe mapajani kikiwa vilevile, miguu juu.

"Hiki alitengeneza nani?"

Mumewe alipitisha kidole kwenye gundi.

"Ulikuwa na mimba," alisema. "Sikutaka uanguke."

Miaka yote hiyo ya wimbo! Hasira zilimpanda mkewe upya, na machozi nayo yakaja bila kuitwa. Alikigeuza kigoda, akaweka fomu juu yake, na kalamu.

"Basi na mimi sitaki uanguke."

Mumewe alitia sahihi. Kisha akamwomba asiwaambie vijana wa karakanani.