Mpaka wa jimbo wamtenganisha Gillian na kaka yake kwa mara ya pili

Saa kumi na mbili asubuhi, Gillian Odling anausukuma kwa bega mlango wa ukumbi wa kijiji cha Kelsthorpe, katika kaunti ya Lincolnshire. Mvua za mwaka huu zimeuvimbisha mlango huo, na mkono peke yake hautoshi.

Anafungua madirisha kutoa harufu ya raba za wacheza badminton wa jana. Anapanga meza za wasimamizi wa kura, anajaza birika maji, anafagia kizingiti ambacho alishakifagia jana jioni. Ni siku ya uchaguzi wa bunge, Julai 2024.

Kazi yake ya kutunza ukumbi inaishia hapo. Anavua aproni, anatoka nje, anabandika kifuani ua la utepe mwekundu la chama chake na kuketi kwenye kiti cha plastiki kulia kwa mlango. Kushoto ameweka kiti kingine. Hakuna aliyekikalia, na hatakuja mtu kukikalia.

"Mkono umekiweka wenyewe, kwa mazoea," anasema kabla hajaulizwa. "Sasa nikikiondoa, watu wataona nimesusa."

Kiti hicho ni cha Neville Maltby, kaka yake wa tumbo moja, muuliza namba wa chama pinzani, cha buluu.

Kazi ya muuliza namba ni nyepesi. Mpiga kura akitoka, unamwomba namba iliyo kwenye kadi yake, unaipeleka chamani, nacho chama kinajua ni nani bado amejilaza kwenye kochi ili afuatwe. Vyama vinavyotukanana kwenye televisheni huketi hapa goti kwa goti. Mmoja akienda chooni, mwenzake humwandikia namba zake bila kumwibia hata moja. Ndiyo adabu ya mlangoni, na anayeivunja hatapewa chai na mtu yeyote kijijini.

Gillian, mwenye umri wa miaka 66, na Neville, mwenye 72, wameketi hivyo kila uchaguzi wa bunge tangu 1997. Siku nyingine zote hawasalimiani.

Si kwamba hawaonani. Kelsthorpe ina duka moja, baa moja na kanisa moja. Gillian akiingia dukani, Neville hukumbuka ghafla kwamba ameacha kitu kwenye gari. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, na watu wa hapa wamelima miaka ishirini na saba bila kuuliza.

Ugomvi wenyewe ni wa mama. Winifred Maltby alianguka jikoni mwaka 1996 akavunjika nyonga. Neville alikuwa dereva wa lori lake mwenyewe la nyama, leo Ufaransa, kesho Hispania. Gillian alikuwa na watoto watatu na kazi mbili za usafi. Mama akapelekwa nyumba ya wazee mjini, na vuli hiyohiyo, kabla majani hayajaisha mitini, akafariki, Neville akiwa bado njiani kurudi.

Chai ya mazishi iliandaliwa kwenye ukumbi huuhuu. Neville aliweka chini sahani yake na kumwambia dada yake mbele ya watu wote, "Ulimtupa mama." Kisha akatoka.

Asichokijua Neville ni kwamba mama ndiye aliyeomba kupelekwa.

"Aliniita kitandani akanishika mkono," anasimulia Gillian. "Akasema, 'Nipeleke kule, na Nev asijue ni mimi niliyetaka. Akijua atauza lori aje anichunge, na lile lori ndilo furaha yake pekee.' Nikaahidi. Ningefanyaje? Ni mama yangu, na anakufa."

Na baada ya mazishi, kwa nini hakusema?

"Ningeonekana najificha nyuma ya maiti. Halafu nilikuwa na hasira. Mtu anakuambia umemtupa mama yako, na wewe ndiye uliyekuwa ukimbadilisha mashuka. Nikasema, basi, na aamini anachotaka."

Mei iliyofuata ukaja uchaguzi. Kila chama kilimtuma mtu wake mlangoni bila kuuliza habari za nyumbani kwao. Gillian alipofika, alimkuta kaka yake ameshaketi, ua la buluu kifuani.

"Nikataka kurudi nyumbani. Halafu nikajiuliza, kwa nini nirudi mimi? Arudi yeye. Nafikiri naye alikuwa akijiuliza hivyohivyo. Basi tukabaki."

Asubuhi nzima hawakusemezana. Mwishowe Neville akabanwa na haja.

"Akanisukumia daftari lake. 'Niandikie,' akasema, 'na usilete ujanja wenu.' Nikamwambia, 'Nenda zako kabla hujatuaibisha.' Hayo ndiyo maneno yetu ya kwanza tangu mazishi." Gillian anacheka, kisha anaacha kucheka.

Tangu hapo ikawa ndiyo siku yao. Neville huleta pai ya nyama ya nguruwe, Gillian huleta mkate wa zabibu na jibini. Huzungumza habari za mbwa, za magoti yanayouma, za maharage yaliyoliwa na konokono. Siasa hairuhusiwi mlangoni kwa sheria. Habari za mama hazikuruhusiwa na wao wenyewe.

Mwandishi wa makala haya, mkazi wa Kelsthorpe, aliwahi kuwasikia Desemba 2019 alipokuwa akitoka kupiga kura.

"Pai hii umenunua au umeokota?" Gillian alikuwa akiuliza.

"Kula, mjamaa wewe. Kura zikishahesabiwa leo, hamu ya kula huna mpaka Krismasi."

"Na wewe kula polepole. Meno yenyewe ya mkopo."

Ungewaona, ungedhani ni ndugu wanaokula pamoja kila Jumapili.

Mwaka 2017, ulipotangazwa uchaguzi wa ghafla wakati nchi nzima imeshachoshwa na kura, wateja walilalamika dukani hadi wakakosa pumzi. Gillian alisimama nyuma yao kwenye foleni na pakiti ya zabibu kavu mkononi. Yamkini alikuwa mtu pekee katika kaunti hii aliyefurahi, na hakuthubutu kumwambia mtu.

Kila mara alipanga kusema ukweli kuhusu mama. Kila mara akaahirisha. Ile Desemba ya 2019 ndipo alipokaribia zaidi. Giza liliingia mapema, mvua yenye barafu ikawapiga usoni, na Neville akamfunika magoti kwa blanketi lake la safari. Gillian akafungua mdomo. Wakati huohuo wakatoka wapiga kura wanne wa nyumba moja, kila mmoja akipekua mifuko kutafuta kadi yake. Walipoondoka, ujasiri nao ulikuwa umeondoka.

"Nikasema moyoni, uchaguzi ujao," anasema.

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Kabla ya uchaguzi huo ujao ikaja ramani mpya.

Tume ya mipaka ilitakiwa kuhakikisha kila jimbo lina wapiga kura kati ya elfu sabini na elfu sabini na saba hivi. Jimbo letu la zamani la Harnwold lilikuwa limenenepa, likapasuliwa. Mstari ukafuata kijito kinachopita katikati ya Kelsthorpe. Ukumbi na Gillian wakabaki upande huu. Nyumba za ng'ambo, zenye wapiga kura wapatao mia nne, Neville akiwa mmoja wao, zikaingizwa jimbo jingine. Kituo chao cha kura sasa ni shule ya msingi ya Tolby, maili tatu kutoka hapa.

Sheria ni sheria, na hesabu ni hesabu. Hakuna aliyekosea. Pengine ndiyo maana inauma, kwa sababu huna wa kumlaumu.

Maoni ya wananchi yalipokaribishwa, Gillian, ambaye hajawahi kusimama mbele ya watu hata kusoma kanisani, alivaa koti lake la harusi za watu na kwenda mjini kwenye kikao. Mshahara wa ukumbi ni pauni mia na kidogo kwa wiki, na siku hiyo alikosa zamu yake ya usafi shuleni.

"Nikawaambia, kijito chenyewe bata wanakivuka kwa miguu. Watu wakacheka. Bwana mmoja, mpole sana, akaniuliza, 'Bi Odling, ni uhusiano gani hasa wa kijamii utakaoathirika?' Nikatazama kipaza sauti. Nikasema, 'Ukumbi.' Nikakaa."

Anageuza uso kuelekea barabarani. "Ningewaambiaje? Sogezeni mstari wa bunge ili nipate kuongea na kaka yangu? Wangeniuliza, mama, simu huna?"

Simu anayo. Na nyumba ya Neville inaonekana kutoka dirisha la jikoni la ukumbi. Lakini aliyewahi kununiana na ndugu yake anajua kwamba hatua chache za namna hiyo huwa ndefu kuliko safari ya Hispania. Mlangoni pa kura walikuwa na sababu ya kukaa pamoja ambayo haikumtaka yeyote kati yao ajishushe.

Chama cha buluu hakikutuma mtu mwingine Kelsthorpe leo. Watu wake wa kujitolea wamezeeka, na waliobaki, Neville akiwamo, wanahitajika Tolby. Asubuhi nzima wapiga kura wanakitazama kiti kile, kisha wanamtazama Gillian.

"Mume wako wa uchaguzi kakuacha?" anatania mzee Cuthbert Frisby, akimpa namba yake.

"Kahamia ng'ambo," anajibu Gillian. Cuthbert anacheka na kwenda zake. Gillian anaandika namba ileile mara mbili, anagundua, anaifuta.

Mkate wa zabibu aliooka uko ndani ya kitambaa chini ya kiti. Hajaufungua.

Saa tisa alasiri anasimama. Anamwomba rafiki yake Pauline ashike nafasi yake, kisha anamgeukia mwandishi. "Una gari?"

Mlangoni pa shule ya Tolby ameketi mwanamke mmoja mwenye ua la buluu, Bi Harriet Pask. Anauona utepe mwekundu wa Gillian na kutabasamu, kwa ile adabu ya mlangoni.

"Namtafuta Neville Maltby," anasema Gillian.

"Hayupo. Amepiga kura asubuhi, akarudi kwake."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Kakataa tu. Tumembembeleza wiki nzima. Nikamwambia, Nev, utaachaje na wewe ndiye mkongwe wetu? Unajua kanijibu nini? 'Nikae na nani?'" Bi Pask anamwangalia vizuri, anaiangalia ile pua ya kina Maltby, na sauti yake inashuka. "Kumbe wewe ndiye Gill."

Gillian anaitikia kwa kichwa. Kisha analia, palepale, wapiga kura wakimpita kwa kujibana ukutani. Miaka yote hii aliamini ni yeye peke yake aliyekuwa akiingojea siku ile. Bi Pask anamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe na kusimama mbele yake ili watu wasimwone.

Njiani kurudi anasema neno moja tu, kwenye njia panda ya ng'ambo: "Kushoto."

Mwandishi anabaki ndani ya gari. Neville anafungua mlango akiwa na soksi bila viatu. Hamkaribishi ndani, wala haufungi mlango. Gillian anasema, mikono ikiwa imekunjwa kifuani kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu. Neville anatazama chini. Anasema kidogo, Gillian anajibu, anasema tena, kisha mlango unafungwa.

"Nimemwambia," anasema Gillian akirudi garini. Mkanda wa kiti unamshinda kuufunga.

Amesemaje?

"Kwanza ametazama soksi zake. Halafu akasema, 'Ungeniambia siku ile ya kwanza, Gill. Ningekusamehe kabla chai haijapoa.' Nikamwambia nilimwahidi mama. Akasema, 'Mama alikuwa amekufa. Mimi na wewe tulikuwa hai.'"

Anafuta macho kwa kiganja. "Na ni kweli. Ni kweli kabisa. Tungeona wajukuu wakikua. Mke wake alikufa, mimi nikasimama nje ya uzio wa kanisa kama mgeni. Nimeitunza ahadi, nimempoteza kaka."

Je, aliubamiza mlango?

"Hapana," anasema. "Aliurudisha taratibu."

Kwenye ukumbi, Pauline anamkabidhi daftari na kuondoka. Wapiga kura wa jioni wanaanza kufika, wengine na mbwa, wengine bado na tope la shambani. Gillian anauliza namba, anashukuru, anaandika. Katikati ya kazi anaeleza anachokusudia, kwa sauti ya mtu anayepanga ratiba ya kufagia.

"Uchaguzi mwingine unaweza kuchukua miaka mitano. Nev atakuwa na sabini na saba, na moyo wake unasukumwa na betri. Sitasubiri tena wanasiasa wanipangie siku ya kuongea na ndugu yangu. Jumapili napika nyama na viazi, namwekea mlangoni pake, nagonga, naondoka. Hatanikaribisha, najua. Sisi ndivyo tulivyo."

Anapokea namba ya bibi mmoja, anaiandika, anamtakia jioni njema.

"Lakini nitamwekea kwenye bakuli la udongo la mama, lile kubwa. La plastiki mtu anaweza kulitupa. La mama itabidi alirudishe."