Prosedya Iliyochukua Muteb wa Kwanza

Siku ya kwanza ya staji, mafunzo ya kazini ya shule, nilivaa sare ya shule, bluu na nyeupe, kwa sababu hakuna aliyeniambia nivae nini. Chefu wa informatika, mkuu wa idara ya kompyuta, alinitazama kuanzia viatu. "Mutoto, hapa haina kelasi. Ikala pale, usiguse kitu." Nikakaa. Ninyi wa mwaka wa tano mtakaokwenda staji baada yetu, nawaandikia jinsi kazi ile ilivyofanywa wakati wangu. Wakati wangu ulikuwa wa wiki chache tu, lakini ilikuwa kazi ya kweli, na sitaki mtu aniambie vingine.

Kituo kile cha hapa Kolwezi kinapima afya ya madereva na wachimbaji kabla hawajaruhusiwa kuingia machimboni. Majibu yote yanakaa katika seva moja. Karani wa mapokezi haandiki SQL. Anaandika majina ya mtu na mwaka aliozaliwa, anabonyeza, basi. Kinachofanya kazi ni prosedya, programu fupi inayokaa ndani ya seva yenyewe. Maswali ya SQL yamo humo humo, kwa hiyo mistari yote ya jedwali haisafiri mpaka kwenye kompyuta ya karani. Linarudi jibu moja: anafaa, au hafai.

Mwanzoni nilichapisha karatasi tu. Baadaye chefu aliniruhusu kusoma prosedya. "Kusoma, haina kuandika." Nilisoma zote. Nilipenda hasa pale SELECT inapoleta jibu na INTO inapoliweka katika kisanduku chenye jina. Siwezi kusalimia watu bila kutazama chini, lakini zile niliweza kuzitazama kutwa nzima.

Wiki ya nne alifika Tata Muteb, dereva wa lori la mawe katika mgodi wa Mashamba. Karatasi yake ilisema: hafai, mapafu.

"Mapafu ya nani?" alipaza sauti. "Mi nimepanda ngazi yenu mbio, munaona napumua mubaya? Kesho bananitosha ku kazi, bananifukuza!"

"Tata, mashini njo inasema," karani alijibu.

"Basi mashini iende kuendesha lori!"

Watu wakacheka. Mimi nilimwuliza, kwa sauti ambayo ilibidi niirudie: "Tata, kuko mutu mwingine anaitwa sawa weye?"

"Majina yangu? Mwingine eko ku Fungurume, mutoto wa baba mukubwa. Bote babili tulizaliwa mwaka moja, bakatupa majina yote ya nkambo, babu yetu wa Sandoa. Ye njo anakohoa!"

Nikaelewa. Prosedya ilipata watu wawili. Katika lugha ya seva yetu, SELECT INTO ikipata mistari miwili inachukua wa kwanza na kuutupa wa pili, kimya, bila hata onyo. Ukiongeza neno STRICT, inakataa: mstari ukizidi mmoja, prosedya inasimama na kulalamika. Hilo neno moja tu halikuwamo. Nikaenda kwa chefu.

"Chefu, inachukua mutu wa kwanza. Tuongeze STRICT, tena tutafute na namba ya kazi."

"Uko na miaka ngapi?"

"Kumi na saba."

"Ile prosedya iko inatumika tangu ulikuwa ku primeri. Rudia kuchapisha."

Nilirudi kwenye karatasi. Lakini kulikuwa na nakala ya data ya kujaribia. Humo niliandika STRICT, nikaipa majina ya Tata Muteb na mwaka wake. Seva ikasimama: mistari imezidi mmoja. Nikachapisha lile kosa pamoja na mistari yote miwili, nikamwita Tata Muteb, tukapita mbele ya mlango wa chefu, nikagonga kwa munganga mkuu, daktari wa kituo. Niliweka karatasi mezani, Tata Muteb akasema kwa niaba yetu sote. Munganga alilinganisha namba ya kazi na picha ya mapafu, akaandika palepale: anafaa.

Tata Muteb alinishika kwa mikono miwili. "Aksanti, mama." Alikuwa na umri wa baba yangu.

Jioni ile chefu alimaliza staji yangu. Katika ripoti aliandika: "Kazi: nzuri. Nidhamu: mbaya. Anamruka mkuu wake." Na kwa nidhamu mbaya, shule haihesabu staji.

Prefe, mkuu wa shule yetu, aliniita. "Andika barua ya kuomba musamaha, chefu atasaini tena. Ni laini tatu tu."

Wastaafu wanaposimulia kazi zao, wakifika hapa huwa wanataja wanayoyajutia. Mimi nimestaafu nikiwa na miaka kumi na saba, na sina la kujutia. Niliogopa, ndiyo, na bado naogopa kurudia mwaka. Barua niliandika. Ila kabla hawajanifungia seva, nilikuwa nimeiuliza ni majina gani yanajirudia katika mwaka mmoja wa kuzaliwa. Hayo ndiyo niliyoweka katika mistari ya ile barua: kila jina na namba zake za kazi, nakala kwa munganga mkuu, na ombi kwamba karatasi za watu hawa zisomwe upya.

Prefe aliisoma mara mbili. "Na musamaha iko wapi?"

"Haimo, Prefe."