Msalaba wa Afisa wa Kijerumani

Juma lililopita niliingia katika kanisa la kijiji kimoja njia ya Kondoa, kupiga picha msalaba wa mbao ulioegemezwa ukutani. Zamani ulikuwa juu ya kaburi la afisa wa Kijerumani aliyeuawa katika Vita vya Kwanza, ukaingizwa ndani mchwa walipoanza kuutafuna.

Mama anayetunza kanisa aliitikia shikamoo yangu akilitazama begi langu, si uso wangu.

"Kile chombo kinacholia umekiacha kwenye gari?"

"Chombo gani, mama?"

"Cha kutafutia mali ya Mjerumani. Wenzako walikuja nacho. Wakachimba pale karibu na madhabahu, ukuta ukapasuka. Wakichimba tena kanisa litatuangukia."

Nikamwambia mimi ni mwandishi tu wa gazetini, jambo ambalo halikumtuliza hata kidogo. Nikarudi nyuma ili msalaba uenee kwenye picha.

"Unapima hatua."

"Kitambi hiki, mama, kinaweza kuchimba? Hebu niambie, kaburi lenyewe liko wapi?"

Akaketi sakafuni palepale, akanyoosha miguu, fagio mapajani. "Na wao waliuliza hivyohivyo."

Nimeulizia makaburi katika nchi nyingi, nikaonyeshwa kwa heshima. Kwetu Mjerumani haruhusiwi kufa tu. Lazima awe amefukia kitu. Nikamwapia kwamba chini ya kanisa lile hakuna mali yoyote.

Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Umejuaje, baba, kama hujapima?"