Simu Zilizoachwa kwenye Beseni

Wiki iliyopita niliamka na habari kutoka Jeddah kwamba yule mchekeshaji wetu amefariki huko mtaani Ruwais, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Wasomaji wa safu hii mnanijua, sisifu ovyo. Basi niseme mapema kwamba mwanamke huyu nilimwonea wivu tangu siku ya kwanza, na kifo chake hakijanipunguzia.

Kabla yake sikuwahi kumwona mwanamke mweusi hapa Riyadh akishika kipaza sauti ili achekeshe watu. Katika shughuli za wanawake wa Afrika Mashariki pale mtaa wa Malaz, mshereheshaji nilikuwa mimi, muuguzi mwenye Kiswahili kilichonyooka. Yeye alikuwa Mkenya, mfanyakazi wa ndani huko mtaa wa Suwaidi. Idi moja akaomba dakika chache. Kwanza aliagiza simu zote zitiwe kwenye beseni mlangoni, kisha akaanza: "Madam aliniambia, 'Wewe ni kama binti yangu.' Nikasema alhamdulillahi. Nikakaa kwa sofa, nikapandisha miguu, nikamuuliza, 'Mum, chai inakuja saa ngapi?'" Wanawake wakashika mbavu. Vichekesho nilivyoviandaa wiki nzima nikavimeza, na tangu hapo kazi yangu ikawa kutangaza chakula.

Nilimwonya kwamba beseni lile litamnyima umaarufu. "Dadangu," akanijibu, "hiyo klipu ikifika kwa kafili, tajiri wangu, halas, mafi kazi, nafutwa. Wacha wacheke, waende nayo kichwani." Nikamwona hajui thamani ya kipaji chake. Moyoni nilifurahi kidogo, maana mimi jina langu liko juu ya ukurasa kila wiki.

Juzi tulikutana Malaz kumwombea. Nilisoma tanzia niliyoiandika kwa jasho, wakanisikiliza kwa heshima, wakasema ahsante. Kisha mpishi mmoja akakaa kwenye sofa, akapandisha miguu taratibu. Kabla hajafungua mdomo, chumba kizima kikauliza chai inakuja saa ngapi. Walikuwemo wasichana waliofika Riyadh baada ya yeye kuhamia Jeddah, ambao hawakumwona hata siku moja. Nilicheka nikilia, huku bado nikimwonea wivu.

Hakuna picha yake jukwaani wala sauti yake popote, ila maneno yake wanayo. Nimejifunza kwamba kazi hudumu pale watu wanapoichukua wakaifanya yao. Mle chumbani hakuna ambaye angeweza kunitajia sentensi yangu moja. Ningetoa safu zangu zote, na hii ikiwemo, nipate ile chai yake.