Waya Mwekundu wa Arvo Kettunen

Wayne Kettunen anampenda mama yake, na ushahidi anao kwenye simu. Akiwa kule Arizona kando ya bwawa lake la kuogelea, hufungua simu akaona sebule ya mama yake huku Michigan ina digrii ngapi za Fahrenheit. Mama mwenyewe haonekani humo, lakini mtu hawezi kupata vyote.

Kifaa alikifunga kwa mikono yake, Septemba, alipokuja kututembelea. Aling'oa kidhibiti joto cha zamani, kile cha duara ambacho marehemu baba yake alikuwa akikipiga kofi kila baridi ilipoanza, akabandika mahali pake kioo cheusi chenye akili. Alitazama video, akaunganisha nyaya kwa kufuata rangi kama alivyoelekezwa. Kioo kikawaka kwa betri zake, kikamsalimu kwa maandishi. Nje watu walikuwa bado wamevaa fulana, kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kuliwasha tanuri la gesi la kupasha nyumba joto, lililo chini ya nyumba, kuona kama linasikia.

"Mama, sasa utaishi kama malkia," akasema, akapanda ndege.

Mama huyo ni Hilja, jirani yangu, amepita themanini. Alimuuguza mumewe, Arvo, katika nyumba hiyohiyo mpaka pumzi yake ya mwisho, na anakusudia kutoka humo kama Arvo alivyotoka, akiwa amebebwa. Ukiacha kahawa, hana haja nyingine duniani.

Baridi ikaja. Kioo kikaandika kwamba kinapasha nyumba joto, kwa rangi nzuri ya machungwa. Tanuri likanyamaza kimya. Nilikuwa jikoni kwake, nimevaa koti, simu ilipolia.

"Mama! Kwako ni hamsini na nane tu! Baridi hiyo!"

"Najua, mwanangu. Niko ndani yake."

"Umebonyeza nini?"

"Sijabonyeza kitu."

"Kifaa kinasema kinapasha. Hakikosei, Mama. Kuna mahali umegusa, halafu umesahau."

Hilja aliweka simu chini polepole. Neno hilo la mwisho sote tulilisikia. Katika simu iliyofuata Wayne alitaja nyumba moja ya wazee inayoitwa Mierezi ya Dhahabu, yenye bingo na madirisha yanayotazama maegesho ya magari. Akija sikukuu ya Shukrani, mwezi wa Novemba, alisema, wangeenda kuiangalia tu. Hakuna mtu aliyewahi kwenda kuangalia tu Mierezi ya Dhahabu.

Ungedhani angeita fundi. Lakini huku kwetu, nyumba yako ikiungua na mtu akikuuliza hali, unajibu kwamba si mbaya sana. Hilja akawa anawasha sauna yake, chumba cha kuogea mvuke kinachotumia kuni, huko chini kila asubuhi na kuacha mlango wazi. Haikutosha. Ndipo akajaza soksi mchele, akaipasha kwenye maikrowevu, akaitundika juu ya kile kioo chenye akili, ili kimsomee Wayne joto.

Simu ikalia kabla hatujamaliza mkate wa hiliki.

"Mama! Tisini na moja! Unataka kuunguza nyumba?"

"Juzi ulisema baridi."

"Unaona sasa? Hukumbuki hata ulichofanya!"

Nilimwambia, "Bi Hilja, tukifungue hicho kidude."

"Wayne kasema nisikiguse."

"Wayne yuko bwawani."

Akafikiri. "Kweli. Nenda kazime umeme, Marlys, usije ukanifia hapa nikakosa wa kunywa naye kahawa."

Tulikichomoa ukutani. Waya mwekundu ulikuwa kwenye herufi R panapoingia umeme, mweupe kwenye W panapotoka amri ya kuwasha tanuri, wa bluu kwenye C panaporudi umeme. Kila rangi mahali pake, kama picha ya shuleni. Nilitazama na kutazama, sikuona kosa. Hilja hakuwa akitazama herufi.

"Huo mwekundu kautoa wapi?"

"Ulikuwa ukutani, nadhani."

"Ulikunjwa humo. Arvo aliukunja."

"Kwa nini?"

"Kwa nini! Kwa sababu ni mwekundu."

Mtu wa mbali anaweza kuhitaji maelezo. Wafini wa hapa, watu waliohamia kutoka Ufini, walikuwa wa aina mbili, wa kanisa na wekundu, yaani wakomunisti, na wekundu walikuwa na ukumbi wao na duka lao la ushirika. Baba yake Arvo alikuwa wa kanisa. Alivuka barabara ili asipite mbele ya duka lile, hata kwenye barafu, na aliwahi kuvunjika mkono kwa msimamo huo. Arvo alirithi msimamo. Alipofunga tanuri akakuta furushi la nyaya za rangi tano, alichagua bluu na nyeupe, rangi za bendera ya Ufini, akaona kazi imekwisha.

Tulishuka chini, tukafungua kifuniko cha tanuri. Ndivyo ilivyokuwa. Umeme ulipanda kwa waya wa bluu. Mwekundu haukuunganishwa popote. Ulikuwa umezungushiwa utepe mweusi nchani, kama mtu aliyezibwa mdomo.

Hilja alirudi juu, akauhamishia ule wa bluu kwenye R kwa bisibisi ya Arvo, mwekundu akaukunja tena ukutani. Nikawasha umeme. Tanuri likakohoa, likanguruma.

"Haya," akasema Hilja, sijui kwa nani.

Wayne alikuja sikukuu ya Shukrani na kijitabu chenye picha. Aliweka kiganja kwenye hewa ya moto inayotoka sakafuni, akatabasamu.

"Unaona, Mama? Kilikuwa kinajifunza."

"Njoo chini."

Hilja alimwonyesha utepe kwenye waya mwekundu. "Video yako haikusema lolote kuhusu babu yako?"

Wayne alianza kucheka, kisha akaacha. Akaushika ule utepe. "Mimi ndiye niliyesahau," akasema. Jioni ile yeye mwenyewe aliwasha sauna kwa kijitabu cha Mierezi ya Dhahabu. Kiliwaka vizuri, karatasi ilikuwa ya hali ya juu.

Tangu hapo sebule imetulia kwenye sitini na nane, joto la kutosha. Simu nayo imetulia. Ya nini kupiga, wakati kila kitu kinaonekana kwenye kioo?

Januari niliingia kwa Hilja nikaikuta soksi imetundikwa tena.

"Bi Hilja! Tanuri limeharibika?"

"Aa. Liko salama kabisa."

"Sasa hiyo ya nini?"

"Kaa, unywe kahawa."

Kioo kikapanda themanini, kikafika tisini. Akavuta kiti karibu na simu, akalainisha sketi yake magotini. Ilipolia, aliiacha ilie kidogo.

"Asije akadhani nilikuwa namngoja," akasema, akainyakua.