Hamira Ilipokaa Kimya Makambako

Likizo ile nilikuwa nasubiri kurudia mtihani wa jenetiki. Swali lililoniangusha chuoni lilihusu hamira: ikiishiwa glukosi, inawashaje jeni ya kuisaidia kula sukari ya kawaida? Nilijibu kwamba kuna protini inayofika kwenye jeni na kuiwasha. Mwalimu akaandika pembeni: "Inafikaje?"

Nyumbani Njombe sikutulia. Mama akinituma kupalilia viazi, nilisimama katikati ya matuta na jembe mkononi, midomo ikicheza, kisha nikapiga jembe bila kuangalia.

"Nenda kwa dada yako," akasema hatimaye. "Unanikatia viazi vyangu."

Dada aliolewa na mfanyabiashara wa Makambako, na alikuwa akioka mikate ya kuwauzia wasafiri. "Kamwene, mdogo wangu," alinisalimu kwa Kibena, kisha akanikabidhi unga nikande. Miaka ile maduka yalikuwa yameanza kujaa vitu ambavyo utotoni tulivisikia tu. Nilipata glukosi ya boksi na hamira ya kopo kutoka nje.

Nikaitia hamira kidogo kwenye chupa, nikailisha glukosi kutwa nzima, nikiibadilishia maji ya glukosi kila mara isiishiwe. Kesho yake asubuhi nikaihamishia kwenye maji ya sukari. Hamira ya dada, iliyotoka moja kwa moja kwenye kopo na kutiwa maji ya sukari, ilitoa povu kabla hatujamaliza chai. Yangu ilikaa kimya. Niliiinua, nikaiweka, nikatoka nje, nikarudi.

"Imekufa hiyo," dada akasema.

"Haijafa. Ilikuwa inashiba glukosi, jeni yake ya sukari imefungwa."

"Imefungwaje?"

Nikamweleza kwamba DNA ni uzi mrefu, na uzi huo umeviringwa kwenye vibonge vya protini. Mwanzo wa jeni ukiwa umefunikwa hapo, hausomeki.

"Kwa hiyo hiyo protini yako inafika inakuta pamezibwa?"

"Ndiyo."

"Sasa nani anazibua?"

Nilijifuta mikono iliyojaa unga. Kisha nikakimbilia begi langu. Kwenye makala ya fotokopi niliyopewa chuoni kulikuwa na kurasa mbili nilizoziruka nikidhani ni za ziada. Nilizisoma nimesimama. Kumbe kuna mashine ya protini nyingi inayotumia nishati ya seli kuvisukuma vile vibonge pembeni, mpaka mwanzo wa jeni ubaki wazi. Watafiti waliigundua kwa kuchunguza hamira yenye jeni zilizoharibika, isiyoweza kula sukari.

"Dada, ipo inayozibua!"

"Na mikate inaungua," akajibu, akiwa ameshainama kwenye tanuri.

Adhuhuri chupa yangu ilianza kutoa mapovu madogo. Dada alimwita mumewe aje aone. Shemeji alitazama kwa adabu, akauliza kama inauzwa.

Nilirudi chuoni, nikaandika kurasa tatu, nikafaulu. Lakini matokeo yalipobandikwa sikufurahi kama nilivyotegemea. Usingizi ulikuwa umeshanipotea kwa jambo jingine: katika jeni maelfu, ile mashine inajuaje iende kwenye ipi?